Chukua ya Plaiwudi: Gitaa ya Jazz kwa Mfuko wa Kakuyuni

Wasee wa Kakuyuni, wa Ganda, wa Jilore na wale mmejaa Malindi mjini, wacha niseme hii kitu mapema: kaa moyo wako uko kwa jazz na mfuko wako ni wa kijana wa kawaida, tafuta gitaa ya tumbo ya plaiwudi, iwe imetumika, na usilipe kabla hujaishika. Usiichukue ukidhani ni ya kushikilia tu ukingoja ile ya maana. Kwa hii hewa yetu ya bahari, ya maana ndio hiyo.

Nikisema gitaa ya tumbo namaanisha ile mtandaoni unaipata ukiandika archtop. Kifua chake kimebinuka kaa cha fidla. Haina shimo la duara katikati, iko na matundu mawili ya umbo la herufi f. Nyuzi zinakalia briji ya mbao yenye haijagundishwa popote, inashikwa na mkazo wa hizo nyuzi tu. Sauti yake ni nene na inakata haraka, na hapo ndio utamu uko: ukipiga chodi yenye noti tano zenye zinasukumana, unaskia kila moja. Gitaa ya kawaida ya kanisa inazimwaga zote pamoja.

Hii gitaa ilizaliwa ju ya shida. Wapiga gitaa wa Marekani walikuwa wanazimwa na tarumbeta kwa bendi. Mwaka wa 1922, pale kiwanda cha Gibson, Kalamazoo, fundi anaitwa Lloyd Loar akatoa L-5, kifua kimechongwa kwa mbao nzima, na matundu ya f. Ilikuwa na sauti, lakini bei ilikuwa ya mabosi. 1936 Gibson wakaweka gitaa ya tumbo pikapu ya stima, ile ya kunasa sauti ya nyuzi, kwa modeli ya ES-150, na miaka mitatu baadaye dogo mmoja, Charlie Christian, akaingia bendi ya Benny Goodman na hiyo gitaa akaonyesha dunia kwamba gitaa inaweza kubonga mbele ya bendi kaa saksafoni. Alifariki 1942, akiwa na miaka 25 tu.

Sasa skia hapa ju ndipo mfuko wako unaingia. 1949 Gibson wakatoa ES-175. Kifua plaiwudi, mgongo plaiwudi, mbavu plaiwudi. Walifanya makusudi. Bei ilikuwa dola 175, na jina likatoka hapo. Pia plaiwudi haitetemeki ovyo karibu na spika, kwa hivyo ile kelele ya kupiga mluzi ukiongeza ampu inapungua. Mpiga gitaa wa jazz Joe Pass alijenga jina na hiyo gitaa. Jim Hall pia. Kwa hivyo muuzaji akikuambia "hii si mbao kamili, ni plaiwudi", usishuke moyo. Tumia hiyo maneno kushusha bei.

Na msifikirie hii ni story ya ng'ambo pekee. Fundi Konde alizaliwa Kilifi mwaka wa 1924, Mgiriama wa hapa hapa. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa kwa kikosi cha burudani cha jeshi, akafika hadi Burma. Aliporudi akawa kati ya watu wa kwanza kabisa Afrika Mashariki kurekodi na gitaa ya stima. Skiza "Tausi Ndege Wangu" ama "Majengo Siendi Tena" na uweke sikio kwa chodi, si kwa sauti pekee. Zinatembea polepole, zinapishana, zina swingi na zina rumba ndani yake. Huyo mzee alifariki 2000, na mi huumia nikiona vijana wa kwetu wanajua wapiga gitaa wa Marekani na hawajawahi kumskiza. Mtu wa Kakuyuni akishika gitaa ya jazz haigi mtu. Anaendeleza boma.

Congo nao wana story yao. 1953 mpiga gitaa wa jazz kutoka Ubelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville na gitaa za stima, na rumba ikabadilika sauti. Mwaka mmoja kabla, mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco alikuwa amerekodiwa akipiga "Masanga" kwa kidole gumba na cha shahada tu. Mpiga gitaa wa jazz Wes Montgomery naye, kule Indianapolis, alikuwa anapiga kwa kidole gumba ju hakutaka kusumbua majirani usiku akitoka mboka. Hata nyumba zetu zimeshikana kuta. Hiyo mbinu ya gumba inatufaa, na gitaa ya tumbo inaipenda sana.

Tuongee hewa. Malindi ukiacha gitaa karibu na ufuo, chumvi inakula kila chuma: nyuzi, skurubu, funguo za kukaza, ata freti zinaota kijani. Kakuyuni uko ndani kidogo, njia ya kwenda geti la Sala, kwa hivyo chumvi imepungua, lakini unyevu uko na joto liko. Mbao nzima iliyochongwa inavuta unyevu ikivimba, ikikauka inapasuka kufuata mshipa wake. Plaiwudi imegundishwa tabaka juu ya tabaka, kila moja mshipa wake umekata wa mwenzake, ndio maana haiendi mbali. Msee wa Nairobi anaweza kubishana na mimi juu ya sauti, na kwa sauti ya chumba kimya mbao nzima inashinda, nakubali. Lakini yeye haishi na kusi na kaskazi.

Basi unatafuta gani? Ibanez walianzisha Artcore 2002, na ndani yake kuna AF55 na AF75. Hizo ndizo za kwanza kuangalia, shingo zao kawaida ni safi na wamezitengeneza kwa wingi. Epiphone walitoa Emperor ya jina la Joe Pass. Godin wa Canada wana 5th Avenue, nyepesi na inasikika vizuri bila stima, kitu cha maana siku tokeni zimeisha. Ukikutana na mzee ana Höfner ama Framus ya Ujerumani, au Harmony na Kay za Chicago, tulia na uikague mara mbili: zingine ni dhahabu, na zingine shingo imeshakuwa upinde na haina chuma ya kuinyoosha.

Bei ya gitaa mpya itakuchapa. AF55 mpya Marekani inacheza kati ya dola 400 na 500. Chukua 450, piga mara 130, ushafika 58,500 na bado hujalipia meli, VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine wa bandarini. Ndio maana nasema iliyotumika, na iwe tayari iko ndani ya Kenya. Cheki Jiji, cheki Facebook Marketplace, uliza wasee wa bendi za hoteli Malindi na Watamu. Bendi ya Them Mushrooms yenyewe ilikulia kwa hoteli za Pwani, na hadi leo mboka ya jioni hotelini ndiyo inawalisha wapiga gitaa wengi huku. Bendi ikivunjika, vyombo vinauzwa. Waitaliano wenye wameishi Malindi miaka mingi, wakirudi kwao hawabebi kila kitu. Na makanisa pia yanabadilisha vyombo.

Doo ikusanye polepole. Funga kwa M-Shwari, weka tarehe, ongeza kila ukiuza maembe ama ukilipwa mjengo. Usiguse Fuliza kununua gitaa. Deni la kila siku linakufanya uiuze hiyo gitaa kabla hujajua chodi kumi, na nimeona hiyo kitu ikifanyika kwa vijana wazuri sana.

Siku ya kuicheki enda mchana, beba simu yenye programu ya kutyuni, beba waya wako, na kaa unaweza tembea na mtu anapiga, afadhali. Kwanza iangalie kabla ya kuipiga. Iinue usawa wa jicho uangalie shingo kutoka chini kwenda juu. Alafu bonyeza uzi mnene kwa freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja: katikati kuwe na nafasi ndogo sana, kaa ya kadi ya simu ya kukwangua kupita. Nafasi ikiwa kubwa, uliza kaa ile chuma ya ndani ya shingo inazunguka. Ikikataa kuzunguka, nenda nyumbani. Hiyo si kasoro ya kubageini.

Washa tochi ya simu, mulika ndani ya tundu la f. Soma karatasi ya kiwandani, linganisha na namba ya nyuma ya kichwa. Angalia zile mbao nyembamba zimebeba kifua kaa zimeachia gundi. Gonga kifua taratibu na ncha ya kidole, kila mahali: sauti iwe moja. Ukiskia kitu kinacheza ndani, mbao imeachia. Angalia chini ya briji, kaa kifua kimezama. Angalia pale shingo inaingia kwa mwili, kusiwe na ufa wa kuingiza ukucha. Angalia nyuma ya kichwa, ju ndipo gitaa nyingi zimevunjika zikagundishwa alafu zikapakwa rangi. Iliyogundishwa vizuri inaweza kuishi miaka, lakini lipa bei ya iliyovunjika.

Sasa piga. Kila uzi, kila freti, polepole, ukiskiza noti yenye inakufa ama inanguruma. Freti zikiwa na mabonde chini ya nyuzi nyembamba, hesabu pesa ya fundi. Kwa freti ya kumi na mbili piga uzi ukiugusa tu, alafu ubonyeze upige: noti mbili ziwe sawa kwa programu. Zikitofautiana usiogope, briji inasogea, utaiweka mwenyewe. Ingiza waya, zungusha kila kitufe. Ikikwaruza kidogo ni vumbi na chumvi. Ikizima kabisa, jua kitu kimoja: gitaa hii haina kifuniko nyuma. Fundi lazima avute waya zote kupitia tundu la f na azirudishe kwa uzi, kazi ya nusu siku, na atakulipisha hiyo nusu siku.

Muuzaji akiwa Nairobi na wewe huwezi kusafiri, tuma mtu unamwamini akaishike. Picha hazionyeshi shingo. Mtu anakuharakisha utume M-Pesa ju "kuna mteja mwingine njiani", mwache huyo mteja aichukue.

Mkikubaliana isafirishwe kwa basi, mwambie muuzaji alegeze nyuzi kidogo tu. Asizitoe. Ukitoa nyuzi zote, briji inaanguka na hujui ilikaa wapi. Aweke alama ndogo ya utepe pale briji imekaa, alafu kitambaa laini chini ya briji, na kesi iwe ngumu, si ule mfuko wa nguo. Kutotoa nyuzi zote ndiyo pia sheria ya kuzibadilisha nyumbani: badilisha moja moja.

Nyuzi zenyewe, tafuta zile zimezungushiwa utepe bapa, laini kwa kidole, saizi 12. Bei iko juu kuliko za kawaida, lakini zinakaa miezi mingi, na kwa chumvi yetu hiyo ni hesabu nzuri. Zifute na kitambaa kikavu kila ukimaliza. Usitundike gitaa ukutani chini ya mabati. Saa nane mchana pale juu gundi inalainika. Iweke kwa kesi, chini, mbali na dirisha.

Na briji ikivunjika usilie. Malindi iko na wachonga vinyago wenye mikono ya ajabu, chama chao cha ushirika kiko miaka mingi. Zamani walikata sana muhuhu wa msitu wa Arabuko-Sokoke, sasa wengi wanachonga mwarobaini. Kwa briji omba kipande cha mpingo, mbao ngumu yenye inapitisha sauti vizuri. Mpelekee ile ya zamani kaa mfano, mpelekee na gitaa, mwambie miguu ya briji ilale kwa kifua bila mwanya ata wa karatasi. Ndio mahali sauti inapitia. Anayeweza kuchonga ukwato wa twiga anaweza hiyo.

Bei? Tuseme AF75 imekaa poa, kasoro ni freti na kitufe kinakwaruza, na mwenyewe anataka thao arobaini na tano. Mpigie hesabu mbele yake bila matusi: fundi wa freti, seti ya nyuzi, kesi yenye hana. Anza thelathini na mbili. Usiseme gitaa yake ni mbaya, ju ameipenda kabla yako na anajua. Mwambie unaenda kuipiga kweli, kuna kayamba nyumbani na unataka kuweka chodi za Fundi Konde juu yake. Wapiga gitaa wengi wakiskia hivyo wanashuka wenyewe. Akifika thelathini na nane na shingo iko sawa, lipa, muandikiane karatasi yenye namba ya gitaa, na uwahi mathree ya Kakuyuni kabla giza halijaingia.