Michezo ya Karamu ya Kuagana

Hapa Machakos, mtu akihamishwa kikazi, wenzake humfanyia karamu. Walakini mara nyingi hotuba huzidi hata chai ikapoa, naye huondoka bila kusemezana na yule aliyegombana naye. Yafaa iwepo michezo.

Kwanza, kuvuta kamba, mchezo uliokuwamo katika Olimpiki tangu 1900 hata 1920. Wagawanyeni watu kwa kura, wala si kwa cheo, ili karani na tarishi wavute upande mmoja. Mtu asijizungushie kamba mkononi, maana yaweza kumvunja vidole.

Pili, vitendawili, kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Ashindwaye hutoa mji, ndipo aambiwe jibu. Hapo wazee na watoto wote hushiriki.

Tatu, kupokezana chungwa kwa kidevu, bila kutumia mikono. Safu itanguliayo kumaliza ndiyo mshindi.

Katika karamu moja niliona watu wawili, ambao hawakuwa wamesalimiana kwa miezi mingi, wakivuta kamba pamoja. Walianguka, wakacheka, wakainuana. Kesho yake mmoja alipanda basi, na mwenziwe ndiye aliyembebea sanduku.