Zimwi Likujualo: Mchezo wa Mwaka 1980 na Jioni Zetu za Leo

Adhana ya Magharibi yaita, na kijana wa miaka kumi angali ameinamia simu ya mamake pembeni mwa kochi. "Mama, ngoja kidogo tu, nimalize hii." Kidogo huzaa kingi, sauti hupanda, simu hunyang'anywa, na jioni ya nyumba nzima huharibika. Ni nani miongoni mwetu asiyelijua jambo hili?

Twapenda kusema kwamba watoto wa siku hizi hawasikii. Wiki hii twawaomba wazazi wenzetu tuutazame upande wa pili: mchezo wenyewe umeundwaje hata "hii" isimalizike? Jibu lake laanzia zaidi ya miaka 40 iliyopita, katika kumbi za mashine za sarafu za Japani na Marekani.

Mdomo na mazimwi manne

Mwaka 1980 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa mchezo uitwao Pac-Man. Mbunifu wake, Toru Iwatani, aliona kwamba kumbi za michezo zilijaa wanaume, na kwamba michezo mingi ilikuwa ya kupiga risasi, kama Space Invaders uliotolewa mwaka 1978. Yeye alitaka mchezo ambao wanawake nao wangeupenda. Akachagua jambo lisilo na vita, nalo ni kula. Duara la manjano lenye mdomo hupita vichochoroni likila vidonge, huku likifukuzwa na mazimwi manne ya rangi nne. Mchezaji hana vitufe vya kukariri. Ana kijiti kimoja tu cha kwendea juu, chini, kulia na kushoto.

Ustadi ulikuwa katika mazimwi yenyewe, kwani kila moja lilipewa tabia yake. Jekundu humfuata mchezaji nyuma kwa nyuma. La waridi humkinga mbele, likielekea pale aendapo wala si pale alipo. La buluu hupima njia yake kwa kumtazama mchezaji pamoja na lile jekundu. La rangi ya chungwa husogea, kisha likimkaribia hugeuka likaenda zake. Tena, baada ya muda, yote manne huacha kufukuza, yakarudi pembeni, halafu yakaanza upya. Iwatani alieleza kwamba alikusudia hivyo: mtu akizingirwa bila ya kupumua hukata tamaa.

Wazee wetu walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa methali hiyo yapata maana mpya. Aliyeliunda zimwi alimjua mchezaji vyema. Alijua wakati wa kumtisha na wakati wa kumpa nafuu, ili asiondoke.

Sarafu ilikuwa mlango

Mwenye mashine naye alikuwa na hesabu yake. Huko Marekani sarafu ya senti 25 kwa kawaida ilimpa mchezaji roho tatu. Zikimalizika, mchezo umekwisha. Atakaye kuendelea aongeze sarafu. Ndani ya sanduku mlikuwa na swichi ndogo za kumwezesha mwenye mashine kupunguza au kuongeza idadi ya roho hizo, na hata kuufanya mchezo uwe mgumu zaidi.

Lakini Pac-Man haukuwekewa mwisho. Hapakuwa na hatua ambayo mchezaji akiifikia ataambiwa, "Hongera, umemaliza, nenda nyumbani." Programu ilihesabu hatua kwa namba isiyoweza kupita 255. Wachezaji hodari walipofika hatua ya 256, hesabu ilivurugika, na nusu ya kioo ikajaa herufi na alama zisizo na maana. Mwisho pekee wa mchezo ule ulitokana na kosa ambalo hakuna aliyelipanga.

Basi ni nini kilichomsimamisha mtoto wa wakati ule? Si mchezo. Ni mfuko uliokwisha sarafu, na ukumbi uliofungwa usiku.

Mashine ilipohamia sebuleni

Kisha michezo ikaingia majumbani. Kisanduku cha Atari 2600 kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1977, na mwaka 1980 Space Invaders ikapatikana kwa kaseti ya kuchomekwa humo. Kaseti ililipiwa mara moja tu. Mlango wa sarafu ukaondoka, ilhali mbio zisizo na kikomo zilibaki vile vile.

Hofu ya wazazi, basi, si jambo la leo. Mji wa Mesquite, katika jimbo la Texas, uliwazuia walio chini ya miaka 17 kuingia kumbi za mashine bila ya mzazi au mlezi, na kesi yake ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1981 Rais Ferdinand Marcos alipiga marufuku mashine za michezo ya video nchini Ufilipino. Mwaka 1984 Ujerumani Magharibi iliuorodhesha mchezo wa River Raid miongoni mwa vitu visivyofaa vijana. Mchezo huo wa mwaka 1982 uliandikwa na mwanamke, Carol Shaw. Mwanamke mwingine, Dona Bailey, alishirikiana na Ed Logg kuunda Centipede wa mwaka 1981. Kina mama wanaodhani kwamba hizi ni elimu za wanaume peke yao na wakumbuke hayo.

Hata hivyo, kilichoitikisa biashara ile nchini Marekani hakikuwa amri ya serikali. Maduka yalijaa michezo mingi, mingine mibovu. E.T. wa mwaka 1982 uliandikwa kwa muda wa wiki tano hivi, ili uwahi msimu wa sikukuu. Wanunuzi walichoka. Mwaka 1983 soko likaporomoka, na Atari ikazika shehena ya kaseti zake katika jaa la Alamogordo, New Mexico, ambako baadhi zilifukuliwa mwaka 2014. Familia zilipokataa kununua, biashara kubwa ilipiga magoti.

Mlango tuuweke sisi

Simu iliyo mkononi mwa mtoto imerithi yote mawili: mchezo usio na mwisho, na mara nyingi sarafu pia, kwani roho zikiisha huuzwa humo humo. Ukumbi wake haufungwi usiku. Kwa hivyo mtoto asemapo "nimalize hii", si lazima awe mkaidi. Huenda hana cha kumaliza.

Kwanza, tuketi naye walau mara moja, tucheze, tuulize: ni nani akufukuzaye, na wewe hushinda vipi? Hatuwezi kuwekea mipaka jambo tusilolijua. Pili, tukubaliane kabla simu haijatoka mkononi mwetu, tena kwa idadi ya roho au mizunguko badala ya dakika. Mtoto aliye katikati ya mbio haioni saa, lakini roho tatu huzihesabu vizuri. Tatu, mzunguko wa mwisho uishe kabla ya adhana, wala usianze wakati adhana yaita. Nne, tufunge njia ya kununua kwa simu hiyo.

Na mpaka huo utuhusu sisi pia. Mtoto anyang'anywaye simu, kisha akamwona mzazi akiinamia ile ile hadi usiku wa manane, hujifunza kwa macho kuliko kwa masikio.

Zimwi hili latujua. Tukilijua nasi, jioni zetu zitabaki kuwa zetu.