Kufufua Trekta Ndogo ya Zamani

Pengine iko karibu na kwako: trekta ndogo ya rangi ya kijivu, imesimama chini ya mti, nyasi zimeota katikati ya magurudumu, na kuku wanataga juu ya kiti chake. Mwenye trekta anasema, "Ni betri tu iliyokufa." Bei anayotaka ni ndogo, na mvua ziko karibu. Mkulima wa sikimu mwenye eka chache anajiuliza kama ainunue au aiache.

Jibu ni kwamba ziko trekta za kufufuliwa na ziko za kuvunjwa vipande. Anayejua kuzitenga kabla ya kulipa hupata mashine ya kumsaidia. Asiyejua hununua chuma kizee, na fedha za mbegu huishia humo.

TREKTA YENYEWE

Hapa tutaeleza habari za trekta moja inayojulikana sana, yaani Ferguson TE20. Ilitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka wa 1946 hata 1956, na zilizotengenezwa zilizidi 500,000. Nguvu zake ni kadiri ya farasi 25, na huvuta plau ya majembe mawili. Si trekta ya kufungua msitu. Ni ya kulima shamba dogo lililokwisha kulimwa, kuvuta tela, na kukata majani. Lakini si dhaifu. Tarehe 4 Januari, 1958, Edmund Hillary wa New Zealand na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia wakiendesha Ferguson za namna hii zilizovikwa minyororo ya kupitia katika theluji.

Tazama kibati chenye namba ya trekta. Herufi TEA maana yake ni injini ya petroli. TED huwashwa kwa petroli, kisha ikipata moto hutumia mafuta ya taa ya trekta. TEF ni ya dizeli. Ukienda dukani kutafuta vipuri bila kujua herufi hizi utarudi na vitu visivyoingia.

PIGA HESABU KWANZA

Chukua daftari. Andika unalipa kiasi gani kwa mwaka kulimiwa shamba lako. Tuseme, kwa mfano tu, unalipa shilingi 4,000 kwa eka, una eka 5, na unalima mara mbili. Hiyo ni shilingi 40,000 kwa mwaka. Ikiwa trekta pamoja na matengenezo itakula shilingi 120,000, basi itakuchukua miaka mitatu kurudisha fedha zako, na bado hujahesabu petroli, oili, wala plau. Kama jirani zako wawili au watatu watakuja kulimiwa kwa malipo, hesabu inabadilika. Kama hawatakuja, pengine ni afadhali kuendelea kukodi.

Ukiona hesabu inakubali, nenda ukaitazame trekta mchana, pamoja na fundi.

MAMBO YA KUTAZAMA KABLA YA KULIPA

Kwanza, hati. Usitoe hata senti moja kabla ya kujua mwenye trekta ni nani. Mashine iliyoachwa katika shamba la chama cha ushirika au la marehemu ina wenyewe wengi, na wataonekana siku itakapoanza kuunguruma.

Pili, chuma kikubwa. Trekta hii haina chasisi. Injini imefungwa kwa bolti kwenye sanduku la gia, na sanduku la gia kwenye ekseli ya nyuma. Kwa hiyo ufa katika sehemu yo yote ya hizo ni jambo kubwa. Tafuta mahali palipochomewa.

Tatu, oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya injini. Ikiwa oili ni nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Tazama pia oili ya sanduku la gia. Mara nyingi mvua huingia hapo kwa kupitia kwenye mkono wa gia, na oili hiyo hiyo ndiyo inayoinua plau.

Nne, matairi ya nyuma. Hayo yaweza kugharimu zaidi kuliko bei ya trekta nzima. Ikiwa yalitiwa maji ili kuongeza uzito, chungulia rimu karibu na vali, maana kutu huanzia hapo.

Tano, jaribu kuzungusha injini kwa hendeli, polepole, plagi zikiwa zimetolewa. Ikizunguka, hiyo ni habari njema. Ikiwa imekwama, usikate tamaa, lakini punguza bei.

INJINI ILIYOKWAMA

Hapa ndipo watu wengi wanapoua trekta. Wanaifunga nyuma ya lori na kuivuta ili iwake kwa nguvu. Pistoni zimeshikwa na kutu ndani ya silinda, na kitu kinachovunjika ni kile ambacho kingeweza kupona.

Fanya hivi. Toa plagi zote nne. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi katika kila tundu, kisha funika matundu kwa matambara. Acha siku tatu au nne, na kila siku ongeza kidogo. Kisha tia hendeli, uisukume mbele kidogo na kuirudisha nyuma kidogo. Ukipata mwendo wa upana wa kidole tu, umeshinda. Ongeza mafuta, uendelee kesho. Kazi hii yaweza kuchukua wiki mbili. Haraka haraka haina baraka.

Ikizidi kukataa, fundi atafungua kichwa cha injini. Silinda za trekta hii ni kama mikebe inayoweza kutolewa na mingine ikatiwa, kwa hiyo injini haiharibiki yote kwa sababu ya silinda moja iliyoliwa na kutu.

Injini ikianza kuzunguka, usiiwashe bado. Mwaga oili ya zamani yote. Safisha, badilisha chujio, tia oili mpya. Izungushe kwa hendeli mara nyingi, plagi zikiwa nje, ili oili ifike kila mahali.

PETROLI, CHECHE, HEWA NA MAJI

Petroli iliyokaa miaka hugeuka kuwa kama gundi. Mwaga yote, osha tangi, na safisha kile kikombe kidogo cha kioo kilicho chini yake. Fungua kabureta na kupuliza vitundu vyake. Usivichokoe kwa waya, kwa maana kitundu kikipanuka trekta itakunywa petroli bila kiasi.

Kama hakuna cheche kwenye plagi, anza na pointi zilizo ndani ya distribyuta. Hushika kutu nyembamba, na mara nyingi kuzipangusa kwa karatasi ya msasa laini kunatosha. Plagi zinapata moto kwa zamu hii: 1, 3, 4, 2, ukihesabu kutoka mbele kwenye rejeta. Ukikosea nyaya, injini itapiga kelele tu bila kuwaka.

Angalia sana betri. Trekta hizi zilitoka kiwandani upande wa chanya ukiwa umefungwa kwenye chuma cha trekta, kinyume cha magari ya sasa. Fundi aliyezoea magari anaweza kuunguza vitu vya umeme kwa kusahau jambo hili tu.

Bakuli la kusafishia hewa lazima lioshwe na kutiwa oili mpya. Wakati wa kiangazi vumbi linaloingia katika injini husaga pistoni na silinda kama jiwe la kunolea kisu. Katika rejeta tia maji safi, na tazama kama hayavuji.

Siku ya kuwasha, tazama moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, maana yake ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe usiokoma, na maji yanapungua, ni gasketi ya kichwa. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi.

KLACHI NA KIINULIO

Trekta iliyosimama muda mrefu huwa klachi yake imegandamana. Unakanyaga, lakini gia zinasaga. Kanyaga klachi hata chini, uikaze kwa kipande cha mti, uiache siku kadhaa. Mara nyingi huachia yenyewe.

Jambo moja limewadanganya wanunuzi na wauzaji pia. Plau ikikataa kuinuka, watu husema pampu imekufa. Lakini pampu hiyo inazungushwa na mtambo ule ule unaozungusha shafti ya nyuma. Mkono wake mdogo, ulio upande wa kushoto, ukiwa umefungwa, kiinulio hakifanyi kazi hata kidogo. Vile vile ukikanyaga klachi, kinasimama. Kwa hiyo vuta mkono huo kwanza, tia oili ya kutosha, ndipo useme pampu ni mbovu.

HATARI ZINAZOUA

Waliotengeneza Ferguson walifikiri habari ya usalama. Stata yake huwashwa kwa mkono wa gia wenyewe, ukisukumwa mahali penye herufi S, kwa hiyo haiwezekani kuwasha kwa stata trekta ikiwa katika gia. Lakini ukitumia hendeli ulinzi huo haupo. Trekta ikiwa katika gia, ikawaka, itakuja juu yako. Kabla ya kushika hendeli, hakikisha gia imetoka, na tia mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, uvute kwenda juu. Hendeli ikirudi nyuma kwa ghafula huvunja mkono.

La pili ni kupinduka. Usivute kisiki wala gari lililokwama kwa mnyororo uliofungwa kwenye ekseli au mahali pa juu pa kufungia plau. Magurudumu ya mbele yatainuka, na trekta itamlalia dereva kabla hajaweza kuruka. Funga mnyororo kwenye chuma cha chini cha kuvutia tu. Tena hakikisha kila gurudumu la nyuma lina breki inayoshika, na kwamba oili ya ekseli haivuji kuingia ndani yake. Breki ikishika upande mmoja tu, trekta hugeuka ghafula.

Wala usimpakie mtoto. Kiti ni kimoja.

RANGI NI YA MWISHO

Wako wanaoanza na rangi, kwa sababu trekta iliyong'aa hupendeza na majirani huisifu. Lakini rangi mpya juu ya kutu na grisi ya zamani hubanduka kabla ya mvua ya pili, na nyufa zilizofunikwa hazionekani tena. Osha kwanza, kwangua, tengeneza, lima msimu mmoja. Ikimaliza msimu bila kukuaibisha, ipake rangi kwa furaha.

Baada ya hapo kazi yako ni ndogo: kupima oili na maji kila asubuhi, kupiga grisi, na kuiweka chini ya paa. Trekta hizi hazikufa kwa uzee. Nyingi zimekufa kwa kulala mvuani. Basi kabla ya kutafuta fedha za kununua trekta, jenga kibanda chake. Mabati machache na nguzo sita zaweza kuiongezea maisha kuliko vipuri vyote vilivyo dukani.