Kwa Nini Motokaa Mpya Ni Ghali Nchi Hii na Rahisi Nchi Ile?

Watu wengi hudhani kwamba bei ya motokaa hukatwa kiwandani, na kwamba mnunuzi popote alipo duniani hulipa bei ile ile, akaongeza nauli ya meli basi. Sivyo. Motokaa mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, zenye injini moja na rangi moja, zaweza kuachana kwa bei hata ile inayouzwa Singapore ikapita mara tatu ile inayouzwa Marekani. Chuma ni kile kile na matairi ni yale yale. Basi fedha hizo nyingine zote ni za nini?

Jambo hili latuhusu sote: ninyi mliokwisha kutoka shuleni mkawa na mishahara, nasi tulio bado madarasani ambao kesho huenda tukakaa katika ofisi zinazopanga kodi. Tuifungue bei ya motokaa kipande kwa kipande, kama fundi afunguavyo injini.

Kipande cha kwanza ni bei ya mwenye kiwanda. Hata hiyo si moja kila mahali, kwa maana mfanya biashara hutazama mfuko wa mnunuzi. Nchi ya Denmark ni mfano mzuri. Huko kodi ya motokaa ni kubwa sana, na wenye viwanda walijua kwamba wakitaja bei yao ya kawaida, kisha kodi ikaja juu yake, hakuna atakayenunua. Kwa hiyo kwa miaka mingi walipunguza bei yao, na Denmark ikawa miongoni mwa nchi za Ulaya zenye bei ndogo kabisa kabla ya kodi, ingawa baada ya kodi ilikuwa miongoni mwa zenye bei kubwa kabisa.

Wanunuzi wa nchi jirani walipotambua tofauti za namna hii walianza kuvuka mipaka kutafuta bei nafuu. Baadhi ya wenye viwanda hawakupenda. Mwaka 1998 Halmashauri ya Ulaya iliitoza kampuni ya Volkswagen faini ya zaidi ya milioni 100 katika fedha ya Ulaya ya wakati ule, kwa sababu iliwazuia mawakala wake wa Italia wasiwauzie Wajerumani na Waaustria waliokuja kununua huko. Baadaye, mwaka 2000, mahakama iliipunguza faini hiyo, lakini hatia ilibaki.

Kipande cha pili ni safari. Motokaa iendayo Kampala hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha husafiri nchi kavu. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100. Nauli, bima, malipo ya bandari na ya wakala wa forodha yote huingia katika bei. Lakini tusidanganyike tukasema umbali ndio sababu kubwa. Singapore ina bandari yake mlangoni, tena ni mojawapo ya bandari kubwa kabisa duniani, na bado motokaa zake ni ghali kupita zetu.

Kipande cha tatu ni udogo wa soko. Mwenye duka la motokaa mpya hana budi kuwa na jengo, mafundi waliofunzwa na ghala la vipuri, auze motokaa elfu au auze kumi. Akiuza elfu, kila mnunuzi hubeba sehemu ndogo ya gharama hizo. Akiuza kumi, kila mmoja hubeba mzigo mzito. Ndiyo maana mahali ambapo wanunuzi wa motokaa mpya ni wachache, bei hupanda, na kwa kuwa bei imepanda, wanunuzi huzidi kuwa wachache.

Kipande cha nne ndicho kikubwa kuliko vyote, nacho ni kodi. Hapa yafaa tupige hesabu.

Tuanze na Denmark. Huko kodi ya kuandikisha motokaa hutozwa kwa ngazi tatu: sehemu ya kwanza ya bei hulipiwa 25 kwa mia, ya pili 85 kwa mia, na sehemu ya juu 150 kwa mia. Mpaka mwaka 2015 ngazi ya juu ilikuwa 180 kwa mia. Tena kodi hiyo huhesabiwa baada ya kwisha kuongezwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni 25 kwa mia. Chukua kroni 100 za ile sehemu ya juu. Kodi ya ongezeko la thamani huzifanya 125. Kisha 150 kwa mia ya 125 ni 187.50. Jumla ni kroni 312.50. Aliyetaka kununua kitu cha kroni mia amelipa zaidi ya mara tatu.

Sasa tazama Singapore. Nchi hiyo ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 730 tu, yaani haifiki nusu ya kisiwa cha Unguja, na watu wake wamefika milioni 6. Serikali iliona kwamba kila mtu akipata motokaa, hapatakuwa na mahali pa kupita. Kwa hiyo mwaka 1990 ilianza kuuza kwa mnada hati ya haki ya kuwa na motokaa. Mnada hufanywa mara mbili kila mwezi, na hati hudumu miaka 10. Muda ukiisha, mwenye motokaa hulipa tena au huiondoa barabarani. Oktoba 2023 hati ya motokaa ndogo ilifika dola 106,000 za Singapore, nayo ni karatasi tu, motokaa yenyewe bado.

Tuseme motokaa imefika bandarini Singapore kwa thamani ya dola 20,000 za huko. Ushuru wa 20 kwa mia ni 4,000. Kodi ya mauzo ya 9 kwa mia juu ya 24,000 ni 2,160. Ada ya kuandikisha, ambayo kwa motokaa ya thamani hiyo ni 100 kwa mia, ni 20,000. Jumla imekuwa 46,160. Hati ya mnada ikiwa 100,000, jumla ni 146,160, na mwuzaji bado hajapata faida yake.

Na kwetu je? Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wa pamoja ulianza kutumika mwaka 2005, na motokaa itokayo nje ilipangiwa 25 kwa mia. Mwaka 2023 Kenya iliupandisha kwake kuwa 35 kwa mia. Kwa hesabu ya 25, motokaa iliyofika bandarini kwa dola 12,000 za Marekani, pamoja na nauli ya meli na bima, huongezwa 3,000, ikawa 15,000. Hapo Uganda hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya 18 kwa mia, yaani 2,700, ikawa 17,700. Angalia vizuri: ushuru umetozwa hata juu ya nauli ya meli, kisha kodi ikatozwa juu ya ushuru. Na tozo nyingine ndogo ndogo bado zangoja mlangoni.

Basi mbona kodi yetu ni ndogo kuliko ya Denmark na Singapore, na bado motokaa mpya hatuiwezi? Ni kwa sababu ughali hupimwa kwa mshahara. Mfanyakazi wa Denmark hulipa zaidi yetu, lakini hulipa kwa miezi, ambapo mwalimu wa hapa angelipa kwa miaka mingi. Ndiyo maana wengi wetu hununua motokaa zilizokwisha kutumika Japani. Serikali nazo zimeweka mipaka ya umri: Kenya haipokei iliyopita miaka 8, na Uganda tangu 2018 haipokei iliyopita miaka 15. Mtu hununua ya zamani kwa kuwa ni rahisi, kisha huirudisha gereji kila mwezi. Wazee walisema, rahisi huvunja upishi.

Jambo la kufikiri ni hili: kodi kubwa si mbaya kwa kuwa ni kubwa, wala ndogo si njema kwa kuwa ni ndogo. Yatupasa kuuliza kodi ile yanunua nini. Mtu wa Singapore asiyeweza hati ya mnada hupanda treni au basi linalofika kwa wakati. Norway, ambayo nayo hutoza motokaa sana, iliamua kuzisamehe za umeme. Tangu 2001 zikasamehewa hata kodi ya ongezeko la thamani, ingawa baadaye zile za bei kubwa zilianza kulipa sehemu. Mwaka 2024 karibu 89 katika kila motokaa mpya 100 zilizoandikishwa huko zilikuwa za umeme. Kodi imefanya kazi iliyotumwa.

Kodi yetu imetumwa kazi gani? Moja ni kujaza hazina. Ya pili, tumeambiwa, ni kusaidia viwanda vya hapa. Viwanda hivyo vipo: Thika, Mombasa na Nairobi huunganishwa motokaa kwa vipande viletwavyo kutoka nje, Kigali Volkswagen ilianza kuunganisha mwaka 2018, na Jinja kuna kiwanda cha Kiira Motors cha mabasi. Lakini ushuru peke yake hauzai kiwanda. Kiwanda chataka wanunuzi wengi, na wanunuzi hawatakuwa wengi ikiwa kila nchi ya Jumuiya yajenga chake na kuzuia cha jirani. Soko la nchi moja yetu ni dogo, la nchi zote pamoja lingetosha kuanzia.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapoulizwa bei ya motokaa, usiseme tu kwamba wauzaji ni wezi. Uliza ni kiasi gani ni cha kiwanda, kiasi gani ni cha safari, kiasi gani ni cha mwuzaji, na kiasi gani ni cha serikali. Na ukifika kwenye kile cha serikali, uliza pia basi la watu wote liko wapi.