Mkazo na Maungio: Istilahi za Diski Bandia ya Shingo

Mchukuzi wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, akijitwika ndoo ya dagaa juu ya ngata, uzito wa ndoo haupungui. Kinachopungua ni mkazo, kwa kuwa uzito ule ule umeenezwa juu ya eneo kubwa zaidi. Tofauti hiyo hupotea kwa urahisi katika tafsiri za maandishi ya utabibu.

Shingo ina pingili 7. Kati yake mna diski 5, kwani baina ya pingili ya kwanza na ya pili hamna diski. Kila diski hufanya kazi mfano wa ngata, ila yenyewe huinama na kugeuka pamoja na shingo. Nyuma yake yapo maungio mawili madogo, kulia na kushoto, yanayosaidia kubeba mzigo na kuongoza mwendo.

Diski ikiharibika na kubana mishipa ya fahamu, mpasuaji aweza kuiondoa na kuziunga pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Mwendo wa mahali hapo hukoma. Pingili za jirani huufidia, na mkazo katika diski zao huongezeka. Njia nyingine ni kutia diski bandia. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya shingo mwaka 2007. Hii hubakiza mwendo, na kwa hiyo huwapunguzia jirani mzigo. Hata hivyo, majaribio ya maabara yameonyesha kwamba maungio ya nyuma, pale pale ilipotiwa, yaweza kupata mkazo mkubwa zaidi, hasa shingo inapoinamishwa nyuma. Hutegemea umbo la diski, kimo chake na jinsi ilivyokaa. Ndiyo sababu mgonjwa ambaye maungio hayo yamekwisha chakaa kwa kawaida hatiwi diski bandia.

Basi mfasiri akiandika kwamba diski bandia "hupunguza maumivu ya viungo", amekosea mara mbili: mkazo si maumivu, na viungo vyaweza kudhaniwa kuwa ni mikono na miguu. Twapendekeza istilahi hizi: kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, mkazo, yaani kani ikigawanywa kwa eneo, ungio (wingi: maungio), mahali mifupa inapokutana. Msongo uachiwe hali ya akili. Kweli, wanaisimu huutumia mkazo kwa sauti, lakini muktadha utaondoa utata.

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, na wengi wao huelezwa maradhi yao kwa Kiswahili. Anayetia sahihi ridhaa ya kupasuliwa shingo, popote pale, ana haki ya kujua mkazo utapungua wapi na waweza kuongezeka wapi. Istilahi isiyo sahihi humwahidi nafuu ambayo daktari hakumwahidi.