Christian Okoye: mrusha kisahani aliyegeuka mbeba mpira

Mwaka 1984 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Los Angeles. Kilomita kama 40 kutoka mjini humo, katika chuo kidogo cha Azusa Pacific, alikuwepo Mnigeria mwenye nguvu za kutisha aliyekuwa akirusha kisahani, tufe na nyundo. Umbali aliorusha ulimtosha kushiriki Olimpiki, lakini Nigeria haikumweka kwenye timu yake.

Jina lake ni Christian Okoye, mzaliwa wa Enugu mwaka 1961. Utotoni aliishi vita ya Biafra, na mpira alioujua ni huu huu wetu wa miguu. Azusa alifika kwa masomo na riadha, mahali ambapo Mnigeria mwenzake, mkimbiaji Innocent Egbunike, alikuwa ametangulia. Baada ya kuachwa na timu ya taifa, alikubali kujaribu futiboli ya Kimarekani akiwa na miaka 23. Mwanzoni aliuona mchezo wenyewe unachosha. Kwa kweli hatumlaumu. Ukiutazama mara ya kwanza, unasimamasimama kila baada ya sekunde chache.

Tuueleze kidogo. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani mita 9 na kitu. Ikifaulu, inapewa majaribio mengine manne. Ikishindwa, wapinzani wanachukua mpira. Mbeba mpira ndiye anayekabidhiwa mpira mkononi na kukimbilia katikati ya wanaume wanaomsubiri wamwangushe. Kila hatua anayopiga kwenda mbele inapimwa na kuandikwa. Akifika nao mwisho wa uwanja, timu yake inapata pointi sita.

Okoye alikuwa na kilo karibu 118, na bado alikuwa na mbio. Katika misimu mitatu, 1984 hadi 1986, alikimbia zaidi ya yadi 3,500 na kuvunja rekodi za chuo chake. Shida ni kwamba Azusa ilikuwa ikicheza katika mashindano ya vyuo vidogo, na watu wa ligi kubwa huzitilia shaka takwimu za huko: je, aliwashinda wababe au aliwashinda wanafunzi wembamba? Mapema 1987 alialikwa kwenye Senior Bowl, mechi ya kuwapima wanafunzi bora wanaomaliza vyuo. Huko, mbele ya vijana wa vyuo vikubwa, aliupeleka mpira mwisho wa uwanja mara nne. Miezi michache baadaye Kansas City Chiefs walimchukua akiwa mtu wa 35 katika mgawo wa wachezaji wapya.

Msimu wake mkubwa ulikuwa 1989, mwaka ambao Chiefs walipata kocha mpya, Marty Schottenheimer, aliyependa mchezo wa kusukumana chini kwa chini kuliko kurusha mpira mbali. Okoye alibeba mpira mara 370 na kupata yadi 1,480. Hakuna mbeba mpira mwingine katika ligi nzima aliyemfikia mwaka huo. Mashabiki walimwita Jinamizi la Nigeria.

Sasa zigawe hizo yadi kwa mara alizobeba: kila mara alipata yadi nne tu, kama hatua nne ndefu za mtu mzima, kisha anaangushwa. Mara 370 katika msimu mmoja. Ndiyo maana wabeba mpira huchakaa mapema, hata walio na mwili kama wake. Septemba 1990 beki wa Denver, Steve Atwater, mwepesi kwake kwa kilo karibu 20, alimgonga kifuani na kumsimamisha papo hapo, na picha za tukio hilo zinaonyeshwa hadi leo.

Mwaka 1991 alipita tena yadi 1,000, lakini magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Msimu wa 1992 ulikuwa wa mwisho kwake, akiwa na miaka 31 tu. Kwa misimu sita alikuwa amepata yadi 4,897, ambazo ni kama kilomita nne na nusu. Mtoto anayetembea kwenda shule ya mbali anaumaliza mwendo huo kwa asubuhi moja, ila yeye haangushwi kila baada ya hatua nne.

Rekodi hiyo ya Chiefs ilidumu zaidi ya miaka kumi, hadi Priest Holmes alipoipita.