Francine Niyonsaba, jirani wa ng'ambo aliyefungiwa njia akafungua nyingine

Asubuhi mbingu ikiwa safi, mtu anayesimama ufukweni Swima, huku Fizi nchini Congo, huiona milima ya Burundi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Watu wa Fizi wanaijua nchi ile kwa mengi: ndagala na mawese yanayovuka kwa boti, ndoa, madeni, na miaka ile mibaya ambapo wao walikimbilia kwetu na sisi tukakimbilia kwao. Lakini liko jina moja la ng'ambo ile ambalo huku kwetu halitajwi inavyostahili. Vijana wetu wanawataja wachezaji wa Barcelona na Real Madrid kwa majina yote matatu, ila hawamjui Francine Niyonsaba.

Tarehe 14 Septemba 2021, mjini Zagreb, Niyonsaba alikimbia mita 2,000, yaani mizunguko mitano ya uwanja, kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Tangu binadamu waanze kupima mbio kwa saa, hakuna mwanamke aliyekuwa ameumaliza umbali huo kwa kasi hiyo. Muda bora uliokuwepo ulikuwa wa Genzebe Dibaba, binti wa ukoo maarufu kuliko wote katika mbio za Ethiopia. Dada huyu wa Burundi aliupunguza kwa zaidi ya sekunde mbili.

La kushangaza zaidi ni kwamba miaka miwili na nusu kabla ya usiku ule, Niyonsaba hakuwa mkimbiaji wa mbio ndefu hata kidogo.

Mtoto wa mwaka 1993

Alizaliwa tarehe 5 Mei 1993 huko Nkanda Bweru, mkoani Ruyigi, mashariki mwa Burundi. Hakuwa ametimiza hata miezi sita Rais Melchior Ndadaye alipouawa, Oktoba mwaka huohuo, na nchi ikatumbukia katika vita vilivyodumu zaidi ya miaka kumi. Wazee wa Swima, Mboko na Baraka wanakumbuka mitumbwi iliyoleta watu wakati ule. Miaka mitatu baadaye zamu ikawa yetu: vita vilipofika Kivu, maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma, na wengi wakalelea watoto wao katika kambi ya Nyarugusu.

Katikati ya taabu hiyo Burundi ilipata furaha yake ya kwanza ya Olimpiki, na kisa chake kinafaa kusimuliwa, maana bila hicho huenda Niyonsaba asingepata pa kupitia. Kulikuwa na mkimbiaji aitwaye Dieudonné Kwizera. Alikuwa na miguu ya kushindana na walio bora, ila nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki, na pasipo kamati hakuna anayeruhusiwa kukimbia. Michezo ya Seoul 1988 ikampita. Ya Barcelona 1992 ikampita pia. Kwizera akahangaika mpaka kamati ikaundwa. Burundi ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Atlanta 1996, yeye alikuwamo katika msafara kama kocha tu.

Hapo kijana Vénuste Niyongabo, aliyetarajiwa na wengi kupata medali katika mita 1,500, alimwachia mzee wake nafasi hiyo ili naye aonje kukimbia Olimpiki. Yeye akaingia mita 5,000, mbio alizokuwa bado mgeni nazo. Tarehe 3 Agosti 1996, siku tisa baada ya mapinduzi ya kijeshi kule Bujumbura, Niyongabo alishinda dhahabu. Mtu aliyefungua mlango kwa jasho lake alirudishiwa heshima, na aliyetoa nafasi yake akalipwa zaidi ya alichotoa.

Mizunguko miwili, medali moja

Niyonsaba alikulia katika nchi ambayo tayari ilikuwa imeona kwamba dhahabu ya Olimpiki inawezekana. Mwaka 2012, akiwa na miaka 19, alikwenda Porto-Novo, Benin, akarudi na dhahabu ya Afrika ya mita 800. Wiki chache baadaye alikuwa kwenye fainali ya Olimpiki ya London, na kabla mwaka haujaisha akashinda Brussels kwa dakika 1 na sekunde 56.59. Wapo wanaokimbia maisha yao yote bila kuugusa muda huo.

Baadaye alihamia Oregon, Marekani, kufanya mazoezi na klabu ya Oregon Track Club chini ya kocha Mark Rowland. Machi 2016 alitwaa ubingwa wa dunia wa ndani ya ukumbi mjini Portland, na ikaja Rio.

Fainali ya mita 800 ilikimbiwa tarehe 20 Agosti 2016. Niyonsaba hakutaka kungoja wengine waamue. Katika mzunguko wa pili alitoka mbele, akawalazimisha wenzake kumfuata kwa kasi yake. Mwishoni Caster Semenya wa Afrika Kusini alimpita, lakini Margaret Wambui wa Kenya hakumfikia. Saa yake ilionyesha dakika 1 na sekunde 56.49. Medali ya fedha: ya pili katika historia ya Burundi, na ya kwanza kwa mwanamke wa nchi ile.

Wakati huo Warundi wengi walikuwa hapa Fizi. Ghasia za mwaka 2015 zilikuwa zimewatoa makwao, na kambi ya Lusenda ilikuwa imefunguliwa mwaka huohuo kuwapokea. Msichana mwenye rangi za nchi yao kifuani alikuwa jukwaani Rio, na wao wakiwa chini ya maturubai, umbali mfupi kwa pikipiki kutoka Swima. Ushindi ule haukurudisha mtu nyumbani, lakini uliipatia Burundi habari nyingine ya kusomwa duniani mbali na risasi na wakimbizi.

Njia yafungwa

Mwaka 2017 Niyonsaba alipata fedha tena katika mashindano ya dunia London, na 2018 akautetea ubingwa wake wa ukumbini mjini Birmingham. Halafu kanuni ikabadilika.

Shirikisho la riadha duniani lilitangaza kwamba wanawake waliozaliwa na maumbile yanayoufanya mwili utengeneze testosteroni kwa wingi hawataruhusiwa kushindana kuanzia mita 400 hadi maili moja, ila wakubali kuishusha homoni hiyo kwa dawa. Semenya alipinga. Tarehe 1 Mei 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamkatalia, na wiki moja baadaye kanuni ikaanza kutumika. Siku ya hukumu ile, Niyonsaba alibakiza siku nne atimize miaka 26. Mwaka huohuo alisema waziwazi kwamba kanuni inamgusa yeye pia. Ikawa waliopanda jukwaa la mita 800 kule Rio, wote watatu, wamezuiliwa.

Shirikisho lina hoja yake: kulinda usawa katika mbio za wanawake. Hoja ya usawa ni nzito, na wasichana wengine pia wana haki ya kushindana bila shaka moyoni. Lakini tusisahau tunamzungumzia nani. Niyonsaba hakumeza dawa za kuongeza nguvu wala hakughushi chochote. Alikimbia na mwili aliozaliwa nao, aliokulia nao Ruyigi. Sasa mwili huo ulikuwa unajadiliwa magazetini na watu wasiomjua, na dawa aliyoambiwa ameze haikuwa ya kutibu ugonjwa wowote. Katika jamii zetu, ambako siri za mwili wa mwanamke huzungumzwa ndani na mama na mashangazi, aibu ya namna hiyo ingeweza kumzika mtu akiwa hai.

Alikataa dawa, akakataa pia kustaafu. Aliamua kuhama umbali.

Kuanza upya

Asiyewahi kukimbia anaweza kudhani mbio ni mbio. Mita 800 ni mizunguko miwili. Zinaisha kabla ya dakika mbili, na miguu huwaka moto mita 100 za mwisho. Mita 5,000 ni mizunguko kumi na miwili na nusu, na 10,000 ni mizunguko ishirini na mitano. Huko kasi peke yake haisaidii. Mkimbiaji hana budi kuongeza kilomita kila wiki, kujifunza kupumua upya, na kuvumilia kundi la watu ishirini wanaosukumana na kukanyagana.

Tokyo, Julai 2021, ugeni wake ulimponza. Katika mchujo wa mita 5,000 alimaliza vizuri, kisha akaondolewa kwa kukanyaga ndani ya mstari wa njia. Wengi wangefunga virago. Yeye alibaki, na tarehe 7 Agosti akaingia fainali ya mita 10,000, akamaliza wa tano miongoni mwa Waethiopia na Wakenya waliozaliwa na mbio hizo, kwa dakika 30 na sekunde 41.93.

Baada ya hapo mvua ya ushindi ikaanza. Agosti 28, Paris, alishinda mita 3,000. Mwanzoni mwa Septemba akashinda mita 5,000 Brussels, kisha fainali ya Ligi ya Diamond mjini Zurich, Hellen Obiri wa Kenya, bingwa wa dunia mara mbili, akiwa nyuma yake. Halafu Zagreb na ile rekodi, iliyodumu mpaka Julai 2024 Jessica Hull wa Australia alipoivunja.

Njia ya pili nayo haikuachwa wazi. Machi 2023 shirikisho liliongeza ukali wa kanuni na kuipanua hadi mbio zote. Pamoja na hayo, kazi iliyofanyika imebaki kwenye vitabu vya kumbukumbu, na hakuna kanuni inayoweza kuifuta.

Nani atafungua huku kwetu?

Sifa ya Ethiopia katika mbio haikushuka kutoka mawinguni. Derartu Tulu wa Bekoji alishinda mita 10,000 Barcelona mwaka 1992, akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika kupata dhahabu ya Olimpiki. Nyuma yake walitoka Fatuma Roba na Tirunesh Dibaba, katika mji uleule mdogo. Bekoji ina hewa ya milimani, ndiyo. Lakini ilikuwa pia na mwalimu wa shule ya msingi, Sentayehu Eshetu, aliyewatazama watoto wakikimbia na kuwatambua wenye kipaji.

Milima sisi tunayo. Ziwa liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yetu ardhi inapanda hadi nyanda za juu za Itombwe zinazovuka mita 3,000. Wasichana wa Swima wanapanda milima hiyo kila siku kwenda shambani na kushuka na mihogo kichwani, kisha wanawahi masomo. Congo nayo ilishaonyesha dalili: Rio 2016, Beatrice Kamuchanga aliikimbilia nchi yetu mita 5,000.

Kinachokosekana ni Kwizera wetu na mwalimu wa Bekoji wetu. Mbio hazidai uwanja wa tartani ili zianze. Zinadai prefe wa shule akubali kwamba siku ya michezo shuleni isiwe ya mpira wa wavulana peke yake. Zinadai barabara kati ya vijiji viwili ipimwe, saa ya simu ishikwe na mtu mwaminifu, na majina ya wasichana pamoja na muda wao yaandikwe katika daftari lisilopotea, ili mwakani ijulikane nani ameongeza mwendo. Zinadai mama amwachie binti saa moja ya jioni isiyo ya kuchota maji, na baba asimwambie kwamba kukimbia ni kazi ya wanaume.

Burundi haina utajiri unaotuzidi, wala haikuwa na amani kuliko sisi. Ilikuwa na mtu mmoja aliyekataa kukubali kwamba wenzake hawatakimbia, na wengine wakapita alipopasua. Walimu wa Fizi wanaweza kuanza muhula huu.